Ubao

Nilikabidhiwa ufunguo wa banda na kalamu nyekundu,
na Bwana Chihipu, kwa simu kutoka Mtwara mjini, akaniasa:
"Watu ni kama mizani, binti. Ukiwapa uzito, watasema."
Nikaamini. Nilikuwa na cheti kipya
na viatu ambavyo havijaujua mchanga wa Newala.

Siku ya tatu nikatundika ubao.
Majina arobaini na mawili, kilo mbele ya kila jina,
na juu kabisa, kwa chaki ya manjano:
MBANGUAJI BORA WA WIKI. ZAWADI: DOTI YA KANGA.
Anayechelewa nilimkata mia tano.
Sikuuliza bomba la maji hufunguliwa saa ngapi.

Banda likanyamaza.
Nilidhani ndiyo bidii.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake mtoto kaamkaje,
ni vyuma tu, tak, tak, tak,
kama mvua ya mawe juu ya bati la jirani.
Kilo zikapanda. Bwana Chihipu akaniita "mwanangu".

Wiki ya tatu gunia la korosho nzima likanywea,
gunia la vipande likafura.
Mkono unaokimbilia kanga
hauna nafasi ya kuihurumia punje.
Na Asumini Nachundu wa meza ya nne,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda,
majivu hayasaidii tena,
alikuwa wa mwisho ubaoni siku tisa.
Ya kumi hakuja.

Nikafungua daftari la msimamizi aliyenitangulia.
Meza ya nne: sita, sita, sita na nusu, sita,
wanawake saba, mwaka mzima,
kilo zao zinafanana kama watoto wa tumbo moja.
Pembeni nikaandika: *Udanganyifu?*
Kalamu nyekundu ile ile.
Kisha nikachukua kigoda, nikaenda kukaa nao.

Hadi mchana hakuna aliyenisemesha.
Bakuli la ming'oko likapita mkono kwa mkono,
likanifikia, likasimama.
Somoe Likanga akanisogezea chumvi bila kunitazama.
"Tulikuwa tunamjazia," akasema.
"Kiganja hiki, kiganja kile, beseni lake linatimia.
Mumewe alipolazwa Ndanda, tulimjazia.
Mimi nilipojifungua, alinijazia yeye.
Ukaja wewe na chaki."

Heri angenifokea.
Chuoni tulichora pembetatu ya motisha,
ngazi kwa ngazi, mpaka kileleni.
Nikaipanda tena kichwani, ngazi zote,
nikitafuta iliyoandikwa *kiganja*.

Jumatatu nikafuta ubao kwa kitambaa na maji,
maji ya Newala, yale ya kununua kwa ndoo.
Na faini nikaifuta.
Nakiri, nilingoja makofi.

Akasimama Tabia Nandonde wa meza ya kwanza,
mwenye doti tatu za kanga, hata moja hajaivaa kazini.
"Umelifuta jina langu," akasema.
"Miaka kumi na moja nabangua hapa,
hakuna aliyewahi kuliandika popote ila kwenye deni.
Mwanangu alikuja kulisoma pale dirishani,
herufi kwa herufi, na wenzake wakimsikiliza.
Leo akirudi shule, nimwambie mama yake kafanya nini?"

Meza ya nne waliinamia korosho zao.
Hata Somoe.

Asumini alirudi Jumatano, mkono mmoja kitambaani.
Nilisikia kicheko, cha kwanza tangu nije,
lakini hakikutoka upande wa meza ya kwanza.
Ubao bado upo. Jua la saa nne likiupiga kwa ubavu
chaki ya zamani hujitokeza, hafifu:
*Tabia*, na mbele yake, *kilo tisa*.
Nimejaribu kuisugua. Nimejaribu pia kuiandika upya,
nikakwama sijui niweke nini badala ya kilo.

Simu ikalia jioni.
"Enhe, binti, mizani inasemaje?"
Nikatazama nje, uwanda wote mweupe.
Nikamwambia ukungu umeshuka huku,
mtandao unakatika, simsikii vizuri.