Meno Matatu ya Shini

Mfalme alitaka ukuta mzima wa vidaka,
safu juu ya safu hadi darini,
kila kidaka na sahani yake ya Kichina,
ili mgeni akiingia asijue atazame wapi,
na kwa kutojua huko, ainame.

Mimi ndimi niliyeandika hesabu.
Naweza kukwambia hata leo, macho yamefifia,
matumbawe yalitoka Manda mashua ngapi,
kuni za mikoko zililia siku ngapi tanuuni,
chokaa ililala shimoni miezi mingapi
ikiiva polepole, kama ghadhabu ya mtu mpole.
Mikono sikuiandika. Daftari halikuwa na safu ya mikono.

Somoe binti Kae alisaga ngeu na masizi,
akapanda jukwaani na mimba ya miezi saba,
akazipamba boriti maua mekundu, majani meusi,
shingo nyuma, rangi ikimdondokea kopeni.
Mfalme akamtuza shuka ya hariri.
Nusu akambebea mtoto, nusu akafutia rangi.

Na Bunu Shekuwe ndiye aliyechonga.
Hakujua alifu wala be.
Kisu chake kilikuwa kifupi kama kidole gumba,
akiikata lipu ingali mbichi.
"Ikikauka," alisema, "imeshakuzidi ujanja."

Mwisho likaja agizo la maandishi juu ya mlango:
*Fumo Shali aliijenga nyumba hii.*
Nikayaandika kwa mkaa, maneno yetu, herufi za Waarabu,
Bunu ayafuate kwa kisu.
Akanishika mkono. "Nisomee."
Nikamsomea.
Akavitazama viganja vyake, vilivyobabuka
hata mistari ya bahati imefutika.

"Aliijenga?"
"Ndivyo wasemavyo wafalme."
"Na mtu akiamuru, akatoa fedha, akakaa kivulini,
lugha yetu haina neno lake?"
"Inalo. *Aliijengesha*."
"Yapishana kwa nini?"
"Herufi moja. Shini. Meno matatu, nukta tatu juu."
"Meno matatu tu!" Akacheka. "Hebu nionyeshe."

Nilimchorea kwa kidole vumbini,
nikafuta upesi kwa kisigino.
Sikumwambia achonge.
Sikumwambia asichonge.
Hilo nitaulizwa kwingine.

Mfalme alikuja Ijumaa baada ya sala,
kanzu yanukia udi.
Akasimama mlangoni, akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.
Ikafika pale, ikasita.
Nikahesabu pumzi: ya kwanza, ya pili.
Naye alikuwa mtu aliyesoma, si wa kudanganywa na nukta.

"Fundi," akasema, "mwandiko wako una meno."
"Bwana, chokaa huuma," akajibu Bunu,
akainua viganja.
Mfalme akavitazama
muda mrefu kuliko alivyozitazama sahani,
kisha akaingia ndani.

Malipo yalitoka kamili, niliyaandika mwenyewe.
Ila kazi ya jumba la mfalme, Bunu
hakuitwa tena,
na mwaka wa pili nilimwona Langoni
akikandika choo cha mtu kwa deni la unga.

Sasa chumvi imepanda ukutani.
Imelila jina la mfalme kwanza,
maana lilianzia kulia, upande wa mvua.
Sahani zimeuzwa.
Ua moja la Somoe limebaki pembeni mwa boriti,
popo amelifanya pake.
Na juu ya mlango pamesalia *jengesha*,
neno lisilo na mtu.

Watoto wa chuo hupita Mkomani na vibao vyao,
husimama, hulitamka kama swali:
nani? nani?

Nikirudi nyumbani nafungua daftari la zamani,
karatasi imekuwa laini kama sikio.
Pembeni, pasipo na safu, nachora mstari,
naandika: Bunu. Somoe.
Na yule mchoma chokaa, aliyekuwa kiziwi,
aliyejua moto umetosha kwa kunusa tu.
Kalamu imekauka mara tatu
na jina lake bado silipati.