Silinda ya Tatu

Jumanne, kabla kengele ya Ediofe haijalia,
gari letu lilianza kuchechemea.
Halikuzima. Laiti lingezima ningejua la kufanya:
ningelisukuma, ningelitukana, ningeita bodaboda.
Lilikwenda kama mtu aliyevaa kiatu kimoja,
na kilima kidogo cha kwenda Kuluva kikalishinda.
Mke wangu, mwenye zamu ya asubuhi wodini,
akashuka kimya, akafunga mlango taratibu.
Taratibu ile iliniuma kuliko angeubamiza.

Nikabadilisha chujio la mafuta. Elfu ishirini na tano.
Nikalaumu petroli ya kituo kipya, kile chenye bendera nyingi.
Nikamlipa kijana mwenye kompyuta ya mkononi:
akachomeka, akasubiri, akakuna kidevu,
akaniambia, "Mzee, inasema injini inamisi."
Hilo hata kuku wa jirani walikwisha kulijua.

Binti yangu Letasi, wa miaka saba,
aliyeng'oka jino juzi,
akaweka kiganja juu ya boneti.
"Baba, inahesabu vibaya.
Moja, mbili, tatu, halafu pengo."
Akacheka, ulimi ukachungulia
pale pale jino lilipokuwa.

Ndipo nikamwita Ezaruku.

Alikuja na baiskeli, spana namba kumi ndani ya soksi.
Hakunisalimu mimi kwanza, alisalimu ekzosi:
akashika kitambaa mbele ya mdomo wake,
kikapulizwa, kikapulizwa, kikapulizwa, kikalegea.
"Mgonjwa yumo," akasema.
"Sasa tumtafute nyumba kwa nyumba."

Injini ikinguruma, akachomoa waya wa kwanza.
Gari likayumba, likakaribia kukata roho.
"Huyu anafanya kazi." Akarudisha.
Wa pili: likatetemeka mpaka kioo cha pembeni
kikaikata nyumba yetu vipande vipande.
"Huyu pia." Akarudisha.
Akachomoa wa tatu
na hakuna kilichobadilika.

Nimewahi kuwa waya ule.
Mwaka kampuni ya tumbaku ilipofunga
nilikaa mezani hivyo hivyo, mikono magotini:
ukinichomoa, ugali wa muhogo unaliwa vilevile.
Sikumwambia Ezaruku. Nilimshikia tochi.

Akafungua bolti, akavuta koili,
ndefu, nyeusi, kama kidole kilichotoka kisimani.
Ikadondosha tone. Tukalitazama.
"Maji," akasema.
"Na mvua haijanyesha Arua wiki ya tatu hii.
Nani ameosha injini?"

Nikatazama mlima.
Nikatazama baiskeli yake, breki zake, kengele yake.
"Mimi nilishika mpira," akasema Letasi.
"Jumapili. Baba alitaka ing'ae kama sufuria mpya,
maana wageni wa shangazi Ayikoru walikuwa wanakuja
na wangefunguliwa boneti waone.
Akasema mama asijue."

Ezaruku hakucheka, Mungu ambariki.
Alichomoa pampu ya baiskeli
akalipulizia lile shimo mpaka likakauka,
akaisugua plagi kwa msasa, akaipuliza,
akairudisha kwa vidole, polepole,
kama mtu anayemrudishia mtoto kifungo cha shati.
"Washa."

Nne. Zote nne. Letasi akazihesabu kwa sauti.
Fundi akadai elfu kumi na glasi ya chai,
akaondoka na spana yake sokisini.

Jioni mke wangu akashuka bodaboda getini,
viatu vya zamu mkononi,
akasimama kusikiliza kabla hajasalimu.
"Limepona. Lilikuwa na nini?"
"Maji," nikasema.
"Maji ya wapi?"

Letasi alikuwa amebana midomo,
ulimi ukicheza ndani, kwenye pengo.
Nami nikakanyaga mafuta kidogo, kidogo tena,
nikaiacha injini ingurume
muda mrefu kuliko ilivyohitaji.