Kifundo Kwenye Nne

Niliifikisha Kibuye kwa mkokoteni, imefungwa leso ya mama,
kilo kumi na tatu za chuma na ubao wa mkangazi.
Fundi Abuya akaipasua tumbo,
akapuliza vumbi, akanusa.
"Hii amplifaya haijafa. Imenuna tu."
Kapasita mbili zilikuwa zimevimba
kama mashavu ya mtoto mwenye andazi.
Akazing'oa, akalehemu nyingine,
moshi wa risasi ukimwingia jicho naye hajali.

Kisha akakishika kifundo cha sauti,
akakizungusha taratibu kando ya sikio.
"Mwenye hii hakupita nne.
Tazama, hadi hapa njia imelika, inang'aa.
Kuanzia tano, kutu tupu."
Akanyoosha mkono achukue dawa ya kusafishia.
Nikamwambia, hapo paache.

Mama alikuwa muuguzi kule Russia, zamu ya usiku.
Mchana alilala chumba cha pili, pazia la buluu limeshushwa,
na Baba, Jumamosi, akitoka karakana ya reli,
alinawa grisi hadi kwenye viwiko,
akaitua santuri kama anayemlaza kichanga,
akasogeza kifundo: moja, mbili, tatu, nne. Basi.
Akaketi sakafuni, shavu karibu na spika,
gitaa likimjia jembamba, uzi katika tundu la sindano.
"Nyar Seme kalala," alitukemea.
"Anayetaka kelele aende Kondele."

Mimi ninayo mpya, kwangu Milimani.
Nyepesi kama kasha la viatu, haitaki waya, ina rimoti.
Sauti yake safi, siisingizii.
Namba zake huwaka samawati
na ukiizima haikumbuki kidole cha mtu.

Jioni, Kaloleni, nikaiwasha ile kuukuu mbele ya mama.
Kijitaa cha manjano kilichelewa, kikaja.
Nikaweka nne; mkono ulikwenda wenyewe.
Mama akainama, kiganja nyuma ya sikio.
Ana miaka themanini na mmoja.
"Kwani siku hizi haina nguvu?
Ongeza."

Tano. Ikakwaruza,
kutu ya miaka arobaini ikasaga
kama mchanga chini ya mlango.
Sita.
Ikanyooka.
Vikombe vikatetemeka kabatini,
jirani akachungulia dirishani, akaondoka,
na mama, kafumba macho:
"Kumbe alikuwa akisikiliza haya."