Mzizi Mwachie Tidwell

Verdell alinishika mkono wa kushoto,
akabandua kidole kimoja, kisha cha pili,
kama mtu anayechambua mchele.
"Kodi hii ina sauti saba, wewe una vidole vinne.
Haya niambie, nani analala nje?"

Kodi. Si ile ya mwenye nyumba, tarehe mosi,
ingawa mwezi ule nilidaiwa zote mbili.

Pittsburgh, Jumanne, chini ya kanisa,
viti vya kukunja, bomba la mvuke linalokoroma.
Nje theluji imelalia ngazi ndefu za mtaa
nilizozipanda kutwa na mfuko wa barua.

Hesabu, akasema, na ukifika saba usisimame.
Nane ni moja karudi nyumbani.
Tisa ni mbili aliyehamia ghorofa ya juu,
kumi na tatu ni sita, yuko hukohuko juu.
Kumi na moja ni nne, yule mgomvi:
yeye na tatu hawapikiki chungu kimoja.

Ya tatu ishike, ndiyo inayojua
kama tunacheka au tunalia.
Ya saba ishike, ina safari.
Ya tano iache ilale, hakuna atakayeiulizia.

"Na mzizi?"

"Mzizi mwachie Tidwell."

Cleophus Tidwell, miaka thelathini kiwanda cha chuma,
sikio la kulia limekufa, la kushoto linatosha,
ameikumbatia besi
kama anayemsindikiza mlevi nyumbani.

Kidole cha shahada, uzi wa nne, freti ya tatu.
Cha kati, uzi wa tatu, freti ya nne.
Cha pete, uzi wa pili, ya tano,
na cha mwisho ubavuni mwake, uzi ule mwembamba.
Ngazi tena! Hata huku zimenifuata.
Nikapiga. Ikasikika kama mtu
aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Tidwell akagusa G, chini kabisa,
ikawa kumi na tatu, ikawa taa ya jikoni.
Kisha, mzee mchokozi, akahamia D iliyoshushwa
mimi sijasogeza hata ukucha,
na vidole vilevile vikashika kisu.

"Umeona?" Verdell anacheka.
"Wewe unaivisha nguo tu. Jina analitoa yeye."

Februari akaondoka, usingizini, bila kumsumbua mtu.
Barua zake bado zinapita mikononi mwangu:
bili ya umeme, kodi ya jiji,
duka la nyuzi linamwarifu kuhusu punguzo.

Jumanne tumekaa wawili.
Nikapanga vidole, tatu, nne, tano, tano,
nikapiga, nikangoja.
Taa au kisu? Hakuna wa kuamua.
Uzi wa sita uko palepale, freti ya tatu,
kidole gumba kingeufikia kwa shida kidogo.
Nilikiona kikijinyoosha. Nikakirudisha.

Bomba likakoroma, karibu na G,
chini yake kwa unywele.

Verdell akainamisha sikio, akasikiliza sana,
akatikisa kichwa.
"Huyo siye. Rudia."