Kilomita Sitini na Moja

Barabara ya zamani ilikuwa kilomita nne,
kutoka posta ya Cerralejo hadi Almorchuela:
mteremko, daraja, kijilima, umefika.
Sasa ni sitini na moja, kuzunguka bwawa,
na mjomba Nicanor, mwenye miaka sabini na tisa,
huzimaliza kila Septemba, maji yakishakonda.

Mwaka huu ameniambia: njoo,
lakini usiongee kwenye mlima.

Tunatoka alfajiri, mialoni ingali myeusi,
utomvu wa vichaka vya jara umenata hewani
kama asali iliyoungua.
Nguruwe weusi wanainua pua, wanatuhesabu, wawili,
wanarudi kufukua.
Baiskeli yake ni ya chuma, gia tatu,
keria ya mbele bado ina ndoano za mfuko wa barua.
Yangu ni nyepesi, ya kuazima, gia ishirini,
na ndimi ninayehema.

Anayajua maji haya kwa pembeni,
kama unavyomjua jirani msiyesemezana.
Hapa ghuba. Hapa ulimi wa kokoto.
Hapa vijana wa mjini huvua samaki, wakawabusu, wakawarudisha.
Juu ya ukuta wa bwawa tunapita bila kusimama;
hajawahi kusimama hapo.
Kushoto maji, kulia shimo la hewa,
na upepo unatusukuma mabega kama askari.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Hapa yalizolewa, yote, yakapangwa nyuma ya zege.
Waliomwagika ni watu:
huyu Bilbao, yule Barcelona kwenye tanuri za matofali,
Eutimio hadi Ujerumani, akifunga vifuniko vya betri,
akiandika kila Krismasi kwamba theluji si mbaya.

Kilomita ya thelathini na nane. Mlima.
Siongei. Anaongea yeye.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane.
Bahasha arobaini na moja, rangi moja, muhuri mmoja.
Sikuzifungua. Nani asiyejua?
Nikapiga kengele mlango kwa mlango.
Basilisa, yule wa mikate, hakujua kusoma.
Akanikalisha, akanimiminia kahawa,
akasema, soma.
Nikasoma."

Mnyororo unalia, mzunguko mmoja, miwili, mitano.

"Kahawa niliinywa yote."

Ukivuka kilele, lami mpya inakata kulia.
Mjomba anakata kushoto.
Ndiyo ile: nyembamba, imepasuka, magugu katikati,
nguzo ya jiwe yenye namba 5
ingali inahesabu kutoka posta.
Inateremka moja kwa moja hadi majini, haipunguzi mwendo,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Ninatafuta mnara, paa, chochote cha kupiga picha.
Hakuna. Walibomoa kila kitu kabla ya kufurika,
hata tanuri la mikate.
Maji ya kahawia, bata wawili, mtini uliokauka
ulioonyesha mwaka jana yalifika wapi.

Naye anateremka na barabara.
Rimu ya mbele inamezwa, kisha viatu,
kisha kitovu cha gurudumu. Hapo anafunga breki,
mguu mmoja chini, maji gotini,
anapiga kengele.
Mara moja. Kama mtu mwenye barua.

Bata wanasogea kidogo.
Mlima umekwisha, ruhusa ya kuongea ninayo.
Siitumii.

Anarudi kinyumenyume, anaketi kwenye nguzo,
anakamua soksi moja, halafu nyingine,
anatoa kikopo cha mafuta, anaupaka mnyororo kwa kidole,
pete baada ya pete, bila haraka.
Kisha anatazama jua. Anatazama magoti yangu.

"Bado ishirini na mbili," anasema.
"Kula hiyo jibini. Kuanzia hapa
ni upepo wa usoni tu."