Kiputo

Debe tupu ndilo livumalo, husemwa.
Basi hili langu mbona limejaa maji
na bado lavuma?
Saa nane za usiku, Tampere, ghorofa ya nne,
theluji imelifunika dirisha hadi kiunoni,
na chini ya meza kompyuta inaguguna
kama panya ndani ya gunia la shayiri.

Nilinunua maji ili ninunue kimya.
Muuzaji alisema: feni ni mambo ya jana,
maji hupoza bila kusema neno.
Hakutaja pampu.
Hakutaja kwamba maji nayo husukumwa,
na kisukumwacho hulalamika.

Nyuma ya pazia amelala baba, Taisto,
miaka themanini na mmoja, nyonga imeungwa kwa chuma,
yuko kwangu tangu Oktoba.
Mimi huchora madaraja usiku, uzito na upepo,
na hesabu ikiwa nzito
feni tatu hupandisha sauti kwa pamoja
kama wakwe waliokosewa mahari.

Basi nikaanza.
Feni kwanza: nikazipunguza mbio,
mia tano kwa dakika, zisikurupuke
joto likipiga chafya tu.
Rejeta ilikuwa imekazwa chuma kwa chuma;
nikachukua buti la mvua la baba, lililopasuka kisigino,
nikakata vipande vya raba, vidogo kama ukucha,
nikaviweka chini ya kila skrubu.
Pampu nikaing'oa, nikailaza juu ya sponji ya kuoshea vyombo,
ile ya njano, mpya,
nikaifunga kwa kamba ya kiatu.
Mvumo ukashuka.
Guguno likabaki.

Ndipo nikakiona.
Kiputo kimoja cha hewa, hakizidi punje ya dengu,
kimenasa kwenye kiwiko cha mpira,
kinatetemeka, hakipandi, hakishuki,
na maji yote yanakipita yakinung'unika.
Majuma mangapi nimekosana na hewa!
Nikalikumbatia sanduku zima, kilo kumi na tisa,
nikaliinamisha kushoto, kulia,
nikalipigapiga mgongoni
kama mtoto anayesubiriwa acheue.
Likacheua.
Kiputo kikapanda hadi juu ya tangi, kikapasuka bila kuaga.

Jii.
Nikasikia friji ikijiuliza jambo,
bomba la joto likilia ukutani,
nikasikia saa ya mkononi mwangu mwenyewe.
Nikakaa sakafuni, vidole vimelowa,
najiona fundi wa mafundi.

"Päivikki."
"Naam, baba."
"Umeme umekatika?"
"Haujakatika."
"Basi nani amesimamisha mashine?"

Alifuma miaka thelathini na minne
kiwandani, ukingoni mwa maporomoko ya mto,
shuka na taulo, mashine mia mbili chumba kimoja.
Wafumaji walisemezana kwa midomo bila sauti;
hata leo hunitazama mdomo ninapoongea,
nami nilikuwa nikidhani ni upendo tu.
Mashine ikinyamaza usiku, kule,
maana yake uzi umekatika,
au mkono wa mtu.

Miezi hii yote nilidhani namnyima usingizi.
Kumbe alikuwa amelala
juu ya kelele yangu kama juu ya godoro.

Nimesikia anajaribu kuinuka, chuma na mfupa,
nikasema tulia, baba, tulia, nairekebisha.
Kiputo hakirudishwi.
Nikapandisha feni moja, ile ya nyuma:
mia saba, nikasikiliza.
Mia nane.
Mia tisa, na bati la ubavuni likaanza kuimba kidogo,
lile nililolifunga jioni kwa jasho na matusi.
Nikailegeza skrubu moja.

Akageukia upande wa nyonga nzima.
"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiiguse."

Daraja langu limebakiza nguzo mbili.
Sponji ina unyevu kwa chini.
Kesho nitatafuta panapovuja.