Swali la Saba

Valdivia, Julai. Mvua ya siku ya kumi na moja
inagonga bati la maktaba kama mwia aliyechoka kusubiri.
Nimewasha jiko la kuni, nimevua viatu.
Mezani karatasi mia mbili na sita
za wanafunzi wa mwaka wa kwanza:
jaribio la kupima kama wanajua kutafuta habari,
kuichambua,
na kusema waliitoa wapi.

Chuo kinataka takwimu kabla ya Ijumaa.
Nasahihisha kama mtu anayechambua mchele usiku,
chuya huku, punje huku,
hadi macho yanaanza kuona chuya kila mahali.

Wengi wameandika: "Naamini tokeo la kwanza."
Kwa nini? "Kwa sababu ni la kwanza."
Baltazar Oyarzo, anayesomea misitu,
ametaja chanzo chake kwa ukamilifu:
"Simu yangu."
Nimecheka peke yangu, nikampa sifuri,
kisha ile sifuri ikanikodolea jicho.

Swali la saba nililitunga mwenyewe, kwa majivuno:
Ukurasa usio na jina la mwandishi unadai
mwani wa kochayuyo huponya kisukari.
Utafanyaje? Chagua A, B, C au D.
Jibu ni C. Sikuacha nafasi ya jingine.

Millaray Antilef hakuchagua kitu.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko ukipanda kilima:
"Kwanza ningeuliza nani anauza huo mwani.
Shangazi yangu huuvuna kule Mehuín,
ameula miaka thelathini,
na mwaka jana walimkata kidole cha mguu.
Najua shangazi mmoja si utafiti.
Lakini ukurasa huu hauna hata shangazi."

Mwongozo wangu wa alama
hauna safu ya shangazi.

Na juzi usiku (niseme tu, nani atanipima mimi?)
simu ilileta sauti ya mwanamume mtulivu:
bahari imerudi nyuma, pandeni vilimani.
Hakutaja jina. Sikumwuliza.
Miaka ishirini na miwili nafundisha
nani kasema, lini, kwa faida ya nani,
na vidole vyangu vilikwisha kuutuma ujumbe
kwa dada yangu aliyeko Corral
kabla akili haijavaa viatu.
Akambeba mama yetu mgongoni,
mama aliyeliona tetemeko la mwaka wa sitini,
kidato kwa kidato, mvuani, na nguo ya kulalia.
Bahari ilikuwa mahali pake, inakoroma.
Mama hakulalamika. Aliuliza tu, njiani:
"Nani kasema?"
Dada akamjibu:
"Nolfa. Yule wa maktaba."
Basi mama akatulia.

Nimerudi kwenye swali la saba.
C bado ni sahihi, sitaki kujidanganya,
na mkuu wa kitengo hatapokea grafu yenye shangazi.
Nimempa Millaray alama,
nimeifuta, nimeirudisha,
nimeifuta tena, mpaka karatasi imetoboka.

Kuni zimebaki mbili.
Katika kile kitundu inachungulia karatasi ya chini,
ya mtu ambaye sijamfikia,
neno moja tu linaonekana, kwa wino wa buluu:
labda